Kiti cha Mkwe Kwenye Pikapu

Jumanne, tarehe tisa Septemba. Upepo ulianza kabla ya jua kutoka, ule wa kiangazi unaookota vumbi la barabara za machimboni na kulileta mpaka kwenye sufuria. Hadi saa mbili asubuhi jua lilikuwa halijaonekana vizuri, lilikuwa kama sahani nyekundu nyuma ya pazia chafu. Ilikuwa siku mbaya ya kumsafirisha mtu mwenye kidonda. Lakini kliniki ya Shinyanga ilikuwa leo, na leo ndiyo mara ya kwanza mama mkwe wangu amepanda mbele kwenye pikapu yangu mimi nikiendesha. Nataka kuandika mapema jinsi tulivyofikia hapo, maana nikichelewa nitaanza kujisifu kwa mambo ambayo hayakuwa yangu.

Pikapu yenyewe ni ya zamani, ya milango miwili, na ilikuwa na kiti kimoja kirefu cha mbele cha watu watatu. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akipeleka vyakula na vifaa machimboni, upande wa Geita. Mimi nabebea mpunga. Nautoa vijijini, naupeleka mashineni, hapa Kagongwa au Kahama. Kwa kazi hiyo sikuona sababu ya kuhangaika na ndani ya gari. Kiti kilikuwa kimepasuka, springi mbili zimetokeza, nikazifunika kwa gunia. Kitambaa cha dari kilikuwa kimeachia gundi kikashuka mpaka kinagusa kofia. Dashibodi ilikuwa imepasuka kwa jua kama tope la lambo lililokauka. Na sakafuni, upande wa abiria, kutu ilikuwa imekula bati, ukitazama chini unaiona barabara inapita. Wenye mpunga walinitania kwamba gari langu likikosa mafuta abiria anateremsha miguu tu anakimbia nalo. Nilicheka pamoja nao. Magunia hayalalamiki.

Mama mkwe ana kisukari. Mwaka jana alijikata kwa jembe kwenye unyayo wa kushoto, na kidonda kikakataa kupona. Anaishi kijijini, karibu saa nzima kutoka lami. Zahanati ya kwao inamsafisha, ila kila baada ya wiki mbili anatakiwa kliniki Shinyanga. Tulijaribu basi mara moja. Wakati wa kushuka mtu akamkanyaga palepale. Hakukusudia, aliomba radhi mpaka machozi yakamtoka, lakini kidonda kilifumuka. Mama akasema basi hapandi tena. Ikabaki pikapu.

Na hapo ndipo penye shida. Kwetu Wasukuma, mkwilima na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hawapeani mkono. Hawali wakitazamana. Hawakai kiti kimoja. Mjini siku hizi wengi wameacha, na wapo wanaocheka wakisikia, nami siwalaumu. Lakini kwao mke wangu ni watu wa kufuata. Na nikisema ukweli, hata mimi siko mbali nao. Siku niliyotamka kwa mdomo wangu, "Apande tu mbele," mgongo ulikuwa unanitoka jasho.

Hakupanda mbele. Alipanda nyuma kwenye bodi, juu ya godoro, amejifunika kitenge kichwa hadi miguu, mke wangu amemshika. Kutoka kwao mpaka lami ni vumbi tupu. Tulipofika Shinyanga na wakafungua bandeji, ndani ilikuwa nyekundu, na haikuwa damu.

Safari iliyofuata mke wangu alijaribu njia nyingine. Alimwambia mama yake, mimi nikiwa nimesimama upande wa pili wa gari nikijifanya natazama tairi:

"Mama, mimi nitakaa katikati yenu."

"Kiti ni kimoja?"

"Ni kimoja, lakini mimi nipo katikati."

"Hata mkikaa kumi hapo katikati, mwanangu, kiti ni kimoja."

Akapanda nyuma.

Baadaye jirani yangu mmoja alituendesha mara mbili. Wao wakakaa mbele, mimi nikakaa kwenye bodi na vumbi langu, na ilikwenda vizuri kabisa. Kisha akapata kazi ya kuendesha malori huko machimboni, akaondoka. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, naye anajua kuendesha, lakini anachimba Geita. Kila nikimpigia ananiambia, "Shemeji, wiki ijayo nashuka." Hakushuka. Kwa haki lazima niseme kwamba mtu aliye shimoni hapangi siku zake mwenyewe, na dawa za mama alikuwa anatuma bila kukumbushwa.

Mwezi wa sita daktari alimwambia mke wangu maneno ambayo mimi niliyasikia nikiwa nje ya mlango. Hakuyasema kwa ukali. Alisema, "Kidonda hiki kinaingiwa uchafu kila mnapomleta. Mkiendelea hivi, tutaacha kuongelea kusafisha, tutaanza kuongelea kukata."

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyegonga bodi kuomba tusimame. Tulipofika kwao, mama mkwe akashuka, akasimama kwa mguu mmoja ameshika bega la binti yake. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Akasema, "Mwambie mkwilima asijisumbue. Mguu ni wangu."

Mke wangu akanigeukia akaniambia, ingawa nilikuwa nimesikia.

Wazo la kukata kiti watu wananipa sifa kwalo. Silo langu. Siku iliyofuata mke wangu alikuwa anapepeta mchele uani, mimi nimekaa ndani ya pikapu mlango wazi, nakitazama kile kiti kama kwamba kingeniambia kitu. Hakuinua hata uso kutoka kwenye ungo. Akasema, "Kama ubaya wake ni kwamba ni kimoja, si ukikate?"

Kahama kuna fundi wa viti anayefanyia kazi chini ya turubai, anashona masofa na viti vya pikipiki. Ni mtu wa Tanga, amekuja huku kwa ajili ya dhahabu, dhahabu ikamkataa, akarudi kwenye sindano yake. Nilimweleza ninachotaka.

"Nikate kiti kizima?" akauliza. "Umegombana na abiria?"

"Ni mama mkwe."

"Aa. Ana mwili mkubwa?"

"Hana mwili. Ana heshima."

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akacheka mpaka akaweka mkasi chini. "Bosi, kwetu mama mkwe anakuja kukaa mwezi mzima, anashika rimoti, na chumba unamhamia wewe. Nyie huku mmepata bahati, mnaitafutia dawa!" Nilitaka kukasirika, ila nilipomweleza habari ya mguu aliacha kucheka, akachukua tochi akaingia chini ya dashibodi. Tangu hapo hakurudia mzaha huo mbele yangu.

Tulipokitoa kile kiti, chini yake kulikuwa na maisha ya watu. Kiatu kimoja cha mtoto. Tochi ya kichwani ya mchimbaji, imeoza betri. Rozari yenye kamba iliyokatika, na tasbihi nzima, vimekaa karibu karibu kama vilikuwa vinasubiriana. Nilimpigia aliyeniuzia gari, akasema havijui. Nimeviweka kwenye droo ya dashibodi, maana sikuona nina haki ya kuvitupa.

Na vumbi. Vumbi la kujaza ndoo. Nilishika ufagio, fundi akapiga kelele. "Usifagie! Hilo ni vumbi la Geita!"

"Ni la barabarani."

"Barabara ya wapi? Si ya Geita? Watu walikuwa wanapanda humu na nguo za shimoni!"

Basi tukalizoa kwa kijiko mpaka la mwisho. Jirani yake fundi aliwahi kuosha mchanga machimboni, akaleta karai, akaosha akizungusha taratibu, watu wakakusanyika, hata muuza kahawa akaacha birika lake. Tukapata tope na kifungo kimoja cha shati. Fundi akakishika juani, akasema, "Tugawane, bosi. Mimi matundu mawili, wewe mawili."

Baada ya hapo kazi ikaanza. Fundi na mchomeleaji walikata fremu ya kiti vipande viwili. Cha dereva kikabaki mahali pake. Cha abiria wakakisogeza mpaka kikakaribia mlango, na katikati, nyuma ya gia, wakaweka kasha la mbao lenye kimo cha goti. Mimi ndiye niliyelitaka hilo kasha. Nilitaka mtu akiangalia aone kabisa kwamba hapa ni huku na pale ni kule. Springi zilizofaa tuliziosha kwa mafuta ya taa, zisizofaa tukazitupa, na sponji tukaweka mpya. Dari nilivua kitambaa chote, nikakwangua gundi ya zamani kwa kisu cha jikoni siku mbili, shingo ikakaa upande wiki nzima.

Sakafu ndiyo iliyokuwa muhimu zaidi, na ndiyo niliyokuwa naidharau. Tulikata kutu, tukachomelea bati, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, juu tukatandika zulia la mpira. Milango ikapata mipira mipya ya kuzuia hewa. Kujua kama vumbi linaingia, nilifanya hivi: nililowesha kitambaa cheupe, nikakitandika pale ambapo mguu wake ungekaa, nikaendesha njia ya vumbi mpaka karibu na kwao na kurudi. Mara ya kwanza kilirudi rangi ya tofali. Nikatafuta tundu mpaka nikalipata, lilikuwa pale nyaya zinapopitia. Mara ya pili kilirudi na mstari mmoja tu upande wa mlango. Mara ya tatu nilimpelekea mke wangu akitazame, kwa kuwa macho yangu nilikuwa siyaamini, yalikuwa yanataka sana kiwe cheupe. Akakigeuza huku na huku. "Ni kilekile ulichotoka nacho," akasema.

Kulikuwa na jambo lingine. Kwenye bodi alikuwa anainuliwa na binti yake na majirani. Mbele nani angempandisha kama hawapo? Mimi siwezi kumgusa. Kwa hiyo mchomeleaji akaweka ngazi ya vidato viwili chini ya mlango, na ndani, juu ya dirisha, kishikio cha bomba, nacho fundi akakizungushia mpira wa ndani wa baiskeli usimteleze.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Fundi aliniuliza, "Rangi moja au mbili?" Nikasema moja. Siku ya kukata akaniuliza tena, "Moja, bosi? Viti viwili, si ungeweka hata mbili?" Nikasema moja, ipendeze. Alikuwa na robota la leza, ile ngozi ya bandia, ya rangi ya kahawa, nzuri sana, inang'aa kidogo. Akakata viti vyote viwili na kasha lile la katikati kutoka kwenye robota hilohilo. Ilipokwisha nilikaa ndani nikajisikia mtu wa maana. Nilipitia mashineni ili watu waone. Waliona, wakasifu, nikafika nyumbani nimevimba.

Tulikwenda kumchukua mama mkwe kwa kliniki ya mwishoni mwa Agosti. Nilifungua mlango wa abiria, nikarudi nyuma hatua kumi, nikageukia zizi la ng'ombe kama inavyotakiwa. Nilimsikia anapanda kidato cha kwanza. Cha pili. Kisha akamuuliza binti yake, kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayeuliza bei:

"Hii nguo imekatwa kwenye kipande kimoja?"

Mke wangu hakujua kudanganya. "Kimoja, mama."

"Na hapa katikati pia?"

"Na hapo pia."

"Basi ni shuka moja. Mmetutandikia shuka moja."

Nilitazama. Na kwa mara ya kwanza nikaona alichokiona yeye: leza ya kahawa inatoka mlango huu, inapita juu ya kasha, inafika mlango ule, haina mwanzo wala mwisho. Nilikuwa nimekata chuma, kisha nikaunganisha tena kwa nguo. Fundi mtu wa Tanga asingeweza kujua. Mimi nilitakiwa kujua. Mama mkwe akashuka kwa vidato vilevile, akaenda nyuma kwenye bodi, na safari hiyo godoro halikuwepo, kwa sababu nilikuwa na uhakika.

Nilikasirika. Nimefikiria kama niandike hili au niache, nikaona nikiliacha nitakuwa najipaka rangi. Njiani, peke yangu kule mbele kwenye gari linalonukia upya, nilisema kwa sauti, "Basi mguu wake na ukatwe." Hakuna aliyesikia. Kilomita chache mbele nilipunguza mwendo, nikaendesha polepole mpaka malori yakawa yananipigia honi, kana kwamba vumbi lingepungua kwa sababu nimejuta. Shinyanga bandeji ilifunguliwa ikawa nyekundu kama kawaida. Daktari alisema maneno machache safari hiyo. Alisema kliniki mbili zaidi, halafu ataamua.

Tuliporudi kwao, mke wangu aliingia ndani na mama yake wakasemezana. Sikuweza kusikia vizuri, upepo ulikuwa unapiga bati, lakini sauti ya mke wangu ilikuwa juu, na haijawahi kuwa juu kwa mama yake. Mimi nilikaa kwenye kidato cha gari. Walikaa humo muda mrefu kiasi kwamba kuku waliokuwa wamenikimbia walirudi.

Mama mkwe alitoka akichechemea, ameshika mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba. Akaukabidhi kwa binti yake, na binti yake akauleta kwangu. Niliufungua. Lilikuwa blanketi jekundu lenye ua kubwa jeupe katikati, bado limekaa mikunjo ya dukani, linanuka dawa ya nondo.

Nililitambua. Ni blanketi nililompelekea siku ya mahari, miaka kumi na miwili iliyopita. Sijawahi kuliona tena baada ya siku ile. Kila nilipokwenda pale, hata miezi ya baridi, nilimwona amejifunika lile la kijivu lililochakaa, na moyoni nikawa nimeshaamua kwamba langu hakulipenda, labda rangi, labda lilikuwa jepesi. Sikuwahi kumuuliza mke wangu, niliogopa jibu. Miaka kumi na miwili nimebeba kitu ambacho hakikuwepo.

"Mwambie mkwilima," alisema, "hili akampe fundi. Hili ni langu. Nililetewa mbele ya watu, kwa mikono miwili. Nikilikalia, nitakuwa nimekaa kwangu."

Mke wangu akanigeukia aniambie. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba nimesikia, nikalirudisha blanketi kwenye mikunjo yake.

Fundi alipolikunjua blanketi lile chini ya turubai lake, na nikamweleza limetoka wapi, alifuta mikono kwenye suruali. "Hili nikikosea, bosi, hakuna lingine," akasema. Aliacha kazi nyingine zote. Alikata kwanza kwa magazeti, akayapachika kwenye kiti, akayatoa, akayarekebisha, akayapachika tena. Muuza kahawa alipita akamuuliza kama siku hizi anashonea magazeti, hakujibiwa. Mwishoni akakata. Ua jeupe akaliweka katikati ya egemeo, sawasawa, kama limeota pale. Vipande vilivyobaki hakuvitupa. Alishonea mto mdogo wa kuwekea mguu. Mimi sikuwa nimeuomba huo mto. Na kasha la katikati alilivua leza yake bila kuambiwa, akaliacha mbao tupu, akalipaka vanishi.

Basi, leo.

Asubuhi tukiwa tayari kuondoka hapa nyumbani, mke wangu alisimama kati ya milango miwili ya pikapu, akatazama kiti changu, akatazama cha mama yake, akatazama kasha.

"Na mimi?" akauliza.

Ndipo nilipogundua. Miezi mitatu nimekata, nimechomelea, nimeshonea, na sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba katika kutenganisha ile nafasi ya katikati nilikuwa naondoa kiti cha mke wangu. Yeye akaanza kucheka, akaenda kuchukua godoro na kitenge. "Haya, leo mkwe ni mimi."

Kijijini nilifungua mlango, nikageukia zizi. Kidato cha kwanza. Cha pili. Nilihesabu ng'ombe, nikafika saba, nikaanza upya. Kisha nikasikia mlango unafungwa, kwa nguvu, kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake.

Nilipanda upande wangu bila kumtazama. Alikuwa amekaa wima, uso umeelekea dirishani, mguu umelala juu ya ule mto. Nilipowasha gari niliinua macho kuangalia nyuma, na kwenye kile kioo cha ndani macho yetu yakakutana. Wote tulishtuka. Yeye akavuta kitenge usoni, mimi nikanyoosha mkono nikakigeuza kioo kikatazama dari. Vya pembeni vinatosha.

Mpaka lami hakuna aliyesema kitu. Hapakuwa na mtu wa kusemea, mke wangu alikuwa nyuma ya kioo, amejiviringisha kama mzigo. Nilikuwa nafikiri itakuwa hivyo hadi Shinyanga. Tulipopita Isaka nikakanyaga mafuta kidogo, na hapo nikasikia sauti, taratibu, imeelekezwa kwenye dashibodi:

"Gari hili linakwenda kama linafukuzwa."

Nikapunguza. Baada ya muda:

"Sasa linakwenda vizuri."

Sikujua kama ninaruhusiwa kujibu. Nikafikiri, nikaiambia dashibodi, "Gari, umesikia. Mama amekusifu."

Akasema, "Sijui gari hili kama lilikunywa uji asubuhi, au limetoka hivihivi na njaa."

"Gari, sema kama ulikunywa."

"Lilikunywa?"

"Lilikunywa wa mtama, usio na sukari."

Nilisikia anacheka, kidogo tu, puani, akarudi dirishani kwake. Tuliongea hivyo mpaka Tinde na kupita Tinde. Gari liliulizwa kuhusu wajukuu, kama yule mdogo ameacha kukojoa kitandani. Gari likajibu kwamba bado, ila anajitahidi. Gari likaambiwa kwamba hata babu yake, marehemu baba mkwe wangu, alikojoa mpaka akaanza kuchunga ng'ombe. Pale walipochimba barabara nikapita taratibu sana, akasema, "Asante, gari." Miaka kumi na miwili nimekuwa mkwilima wake na hatujawahi kuongea maneno mengi namna hii. Labda sikupaswa kufurahi kiasi nilichofurahi. Sijui. Nimejiuliza jioni nzima kama tumevunja kitu. Mke wangu anasema mama ndiye aliyeanza, kwa hiyo kama kuna kilichovunjika amekivunja mwenyewe na ni mali yake.

Shinyanga mke wangu alishuka rangi nyekundu, kope na nyusi zote. Muuguzi mlangoni akamuuliza kama yeye ndiye mgonjwa. Mimi nilibaki nje ya mlango kama kawaida, naona kiatu cha daktari tu na mguu wa kiti. Nilisikia plasta inabanduka. Nikashika ukuta. Kisha daktari akasema, "Leo mmemleta kwa ndege?"

Bandeji ilitoka nyeupe. Ilikuwa na majimaji yake ya kidonda, lakini vumbi hapana. Daktari hakuahidi mambo makubwa. Alisema pembeni nyama mpya imeanza kuota, alisema sukari ishikwe vilevile, na alisema habari ya kukata tuiweke kando kwanza, tukija hivi tena wiki mbili zijazo na tena baada ya hapo. Mke wangu alitoka akanieleza yote, nami nikamwacha anieleze yote, ingawa nilikuwa nimesikia.

Kurudi, upepo ulikuwa umetulia. Gari halikuulizwa mengi, mama mkwe alisinzia, kichwa kimeegemea lile ua jeupe. Nilisimama mara moja tu, nikampa mke wangu maji ya kunawa uso. Alichungulia kupitia dirisha, akamtazama mama yake amelala, akanitazama mimi, akarudi kwenye godoro lake.

Tulipofika kwao mama mkwe aliamka, akashuka peke yake kwa kishikio na vidato, mimi nikitazama zizi. Kisha akamwambia binti yake kwamba hatuondoki bila kula. Wao walikula ndani, mimi nikaletewa stuli na sahani nje, upande wa pili wa ukuta, karibu na pikapu. Chakula kilikuwa kilekile, ndani na nje: ugali wa mtama, nsansa zake mwenyewe, majani ya kunde aliyoyakausha masika, zimeungwa kwa karanga za kutwanga, na maziwa ya mgando kwangu na kwa mke wangu. Nilipokuwa nakaribia kumaliza, mke wangu alitoa kichwa mlangoni akijizuia kucheka. Mama alikuwa anauliza kama gari limeshiba. Nikasema bado kidogo. Likaongezewa nsansa.